Yote Yakiwa ya Njano, Jaji Aangalie Nini?

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, habari za mchana.

Majalada ya vitabu yaliyobandikwa ukutani hapo yote ni ya njano, kwa sababu ndilo sharti sisi majaji tulilowapa washiriki wa shindano hili: hadithi yoyote, picha yoyote, ila rangi iwe njano. Tulidhani tumejirahisishia kazi. Wapi! Jalada la njano likiwa peke yake dukani, linakuita toka mlangoni. Yakijipanga ukuta mzima, hakuna linaloita. Rangi imenyamaza, na sasa inabidi kila jalada lijitetee kwa kitu kingine.

Wachapishaji wa vitabu walilijua hilo zamani. Penguin wa Uingereza walipoanza mwaka 1935, riwaya walizipa rangi ya chungwa, hadithi za upelelezi kijani, na wasifu bluu. Rangi ilimwambia msomaji hii ni aina gani ya kitabu. Kitabu chenyewe ni kipi, aliambiwa na herufi.

Lakini kwa nini niende Uingereza wakati kina mama wamekaa hapa mbele na kanga zao? Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Tazameni ile ya njano pale, samahani mama, usiondoke. Jina limeandikwa kwa nyeusi, nami nalisoma kutoka hapa nilipo. Aliyeichora alijua kwamba njano ni rangi yenye mwanga mwingi kuliko nyekundu, kijani au bluu, kwa hiyo herufi nyeupe juu yake zinazama.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Jalada langu la kwanza lilikuwa na jina jeupe juu ya njano. Kwenye kompyuta lilipendeza, maana kioo kinawaka chenyewe. Karatasi haiwaki, inategemea mwanga wa nje. Vitabu vilipotoka kiwandani, rafiki yangu akaniuliza kwa nini sikukipa jina.

Na ukiona njano imezidi mwanga, usikimbilie kuitia nyeusi. Bluu ukiitia giza inabaki bluu. Njano haivumilii: inageuka rangi ya majani makavu, au kahawia. Sisi wa Mtwara tunalijua bibo la njano, tunda la mkorosho, lililoanikwa. Likishakauka likawa kochoko, nani bado analiita la njano? Majalada matatu hapa yameharibikia hapo hapo.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu uzuri, tuliyapeleka yote kwenye fotokopi ya nyeusi na nyeupe. Hilo la jahazi la Mikindani, ambalo kila mtu alilishangilia, lilirudi kijivu kitupu: tanga, bahari na jina la kitabu vyote kitu kimoja. Nilisikitika, kwa sababu mchoro wenyewe ni mzuri. Hili la mabibo lilirudi likiwa hai.

Jua letu nalo ni jaji. Wino wa njano na ule mwekundu wa majenta kwa kawaida hupauka kabla ya nyeusi na bluu; ndiyo maana mabango ya zamani kwenye madirisha ya maduka yamebaki na rangi ya bluu bluu. Jalada linalotegemea njano peke yake, ukilianika dirishani msimu mmoja wa korosho, utabaki na karatasi.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Lile la mwisho kulia ni jeusi karibu lote, jeusi la mpingo, na njano yake ni mstari mwembamba tu, kama mwanga unaopita chini ya mlango usiku. Mwenzangu alisema limevunja sharti. Mimi nikasema ndilo pekee lililotii, kwa kuwa ukiufuta ule mstari hadithi inakufa. Kwenye mengine mengi, njano ni ukuta uliopakwa tu. Ungeweka kijani, pasingeharibika kitu. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Hatukuafikiana. Zawadi ya kwanza tumeigawa kati ya hilo na lile la mabibo. Walio nyuma karibu na mlango, hebu simameni mtusomee majina ya vitabu mnayoyaona kutoka hapo. Wa mbele mkae kimya, msiwanong'oneze.