Bastola kung'aa sio kuchakaa, nawajibu ndugu zangu wa kusini

Mtwara kuchele! Lindi nawaona, Masasi, Newala, Nachingwea wote nawaona. Leo sijatoka popote, nimekaa mezani hapahapa Houston, Marekani, nijibu swali moja maana nikifungua komenti nalikuta, nikifungua inbox nalikuta, "dada hiyo bastola yako mbona imechubuka, si umeuziwa mtumba hiyo". Tangu niweke ile video nikipiga bastola kwenye uwanja wa shabaha ni hilo tu.

Kabla hamjaanza, sijionyeshi. Natoka zamu ya usiku saa nane, naishi peke yangu, nikaamua kumiliki bastola, ni maamuzi yangu na simshauri mtu. Na wale wa "kama maisha magumu rudi nyumbani", sijalalamika, nimeulizwa najibu.

Na hili niliseme mapema: msiniagize bastola. Kuna mtu kaniambia niichomeke kwenye pipa la nguo ninalotuma nyumbani. Silaha kutoka Marekani inataka kibali cha serikali ya huku, na kuiingiza nyumbani inataka kibali cha nyumbani, ukipitisha kimyakimya ni jela pande zote mbili. Huko kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, umiliki unaanzia polisi. Kwa hiyo leo naongea na wenye leseni, wafanyabiashara wa korosho, walinzi wa maghala, mnaomiliki kihalali. Mwenye gobole la kuchonga aende akaongee na polisi, mimi sina la kumwambia.

Haya, mtumba. Sio mtumba jamani, nimenunua mpya, Glock 19, dola 500 na ushee, na hela yenyewe haikuniuma kama makaratasi. Huku mwenye green card anaruhusiwa kununua, bastola dukani ni kuanzia miaka 21, unajaza fomu inaitwa 4473, unaweka na ile namba yako ya uhamiaji, halafu muuzaji anakuhakiki kwenye mfumo wa FBI. Mimi nilikuwa nimehama maana mwenye nyumba alipandisha kodi, leseni ya udereva ina anwani ya zamani, na fomu inataka unapoishi sasa. Nikatoa kadi ya usajili wa gari, ni karatasi ya serikali na ina anwani mpya, maelezo ya fomu yenyewe yanasema nyaraka nyingine ya serikali inaweza kujazia hapo. Kijana wa kaunta akasikia lafudhi yangu akagoma, eti niende nikabadilishe leseni kwanza. Nikamwambia soma fomu yako. Akaita bosi wake, bosi akasoma, ikapita. Mfumo nao ukaleta jibu la kusubiri, hapo sheria inampa muuzaji siku tatu za kazi ndipo aweze kukupa kama jibu halijarudi, na wengine hawatoi hata zikipita. Mzungu wa nyuma yangu katoka na yake palepale. Hilo bado linaniuma na sitajifanya haliniumi.

Tukija kwenye kuchubuka. Jembe likilimiwa linang'aa pale linapogusa udongo, na hii ndio hivyohivyo. Slaidi, ile sehemu ya juu inayofunika mtutu, inakwenda nyuma na kurudi kila risasi, mtutu unainama kidogo na kuinuka, chuma kinasugua chuma, rangi nyeusi inatoka. Kwa hiyo ukiona weupe juu ya mtutu pale kwenye chemba, yaani inapokaa risasi kabla ya kupigwa, mstari mdomoni mwa mtutu unapopita kwenye slaidi, na chini ya mtutu alama ya kujipinda kama tabasamu, hiyo ni kawaida, bastola imetumika basi. Uso wa slaidi pale inapogonga kitako cha risasi utaona rangi ya njano, ni shaba ya maganda. Na Glock mpya inakuja na grisi ya rangi ya shaba ndani ya slaidi, sio uchafu, iache.

Kinachotakiwa kukutisha ni kingine. Ufa, hata mwembamba kama unywele, kwenye slaidi au reli za fremu, ile sehemu ya chini yenye mpini. Mtutu uliovimba. Kijino cha kuvutia ganda kimevunjika ncha. Kutu iliyochimba vishimo, sio ile ya juujuu inayofutika. Ukiona kimojawapo usipige tena, peleka kwa fundi wa silaha anayetambulika kisheria, sio fundi baiskeli.

Springi inayorudisha slaidi mbele nayo inachoka, wengi hubadilisha kati ya risasi 3,000 na 5,000, bei yake haitishi. Duka fulani hapa walitaka kuniuzia mtutu mzima kisa ule weupe, nikatoka zangu.

Kusafisha sasa. Mliopita JKT kuhakiki silaha mnakujua, ila bastola hii ina jambo lake: ili uifungue lazima ubonyeze triga kwanza. Watu wamejipiga hapo. Kwa hiyo toa magazini, kile kibebea risasi, kwanza, ndio uvute slaidi nyuma, ukianza na slaidi magazini ikiwa ndani unaingiza risasi nyingine chemba bila kujua. Angalia chemba kwa macho, ingiza kidole, rudia tena, risasi zote zikae chumba kingine na mdomo uelekee pasipo na mtu. Mtoto akiingia, acha kazi.

Ukishaifungua, brashi ya shaba yenye dawa ya kusafishia ipitie kwenye mtutu kuanzia upande wa chemba kwenda mdomoni, usirudishe masizi ndani. Halafu vitambaa mpaka kitoke karibu cheupe, karibu tu, msikeshe kutafuta weupe wa kanzu ya Ijumaa. Mafuta ni matone machache kwenye reli na pale panapong'aa, yakizidi yanakusanya vumbi. Kwenye njia ya pini ya kugonga, ile inayogonga kitako cha risasi, usitie kabisa, yanaganda na uchafu na pini haigongi vizuri. Kuna mtu kaniuliza mafuta ya kupikia, hapana kaka, yanageuka gundi. Na dizeli hapana.

Fungua madirisha, usile wala usivute sigara hapo, kwenye yale masizi kuna risasi ile madini, inayodhuru ubongo wa watoto. Ukimaliza nawa kwa sabuni na maji ya baridi, vile vitambaa usiviache vikazagaa.

Watu wa Shangani na Mikindani na nyie wa Lindi pale ufukweni, ninyi nawaonea huruma zaidi. Hewa ya chumvi haisubiri upige. Hata Houston hapa unyevu ni mkali, mimi naifuta na kitambaa chenye mafuta kidogo hata kama sijaigusa, ila hiyo ni mimi, yako fuata kijitabu chake maana kila aina na mambo yake. Jasho la mkono nalo ni chumvi, ukiishika ifute. Mjomba wangu alikuwa askari wa wanyamapori upande wa Liwale, bunduki ilikuwa ya zamani ila ndani inang'aa, na wenzake waliokuwa na mpya zao wanazilaza kwenye ala za ngozi wakazikuta zina kutu. Ngozi inashika unyevu, ala ni ya kuvaa tu, usilazie silaha humo. Weka kwenye kasha la chuma la kufunga na ufunguo, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikishalowa badilisha. Ufunguo ukae na wewe, sio juu ya kabati.