Pele haichaji betri? Pima waya kwanza kabla ya kununua alteneta

Jambo yenu wote. Leo tuko Lubumbashi, upande wa barabara ya Kipushi, na hii mashine iliyo nyuma yangu ni ekskaveta, mashine ya kuchimba udongo, ya tani 20 hivi, ile sisi hapa tunaita pele. Imelala tangu juzi. Dereva wake kaniambia, "Yaya, alteneta imekufa, patroni ameshaanza kutafuta pesa ya kununua ingine." Alteneta ndiyo inayochaji betri injini ikizunguka. Nikamjibu: hiyo pesa ya bosi ikae mfukoni kwanza, mpaka multimita, hiki kipima umeme, iseme neno lake.

Multimita si lazima iwe ya bei kali. Iweke kwenye volti za DC, umeme wa betri, kipimo kinachopita 30. Kamera, sogea kwenye sanduku la betri.

Mashine imezimwa. Hapa kuna betri 2 za volti 12, zimeungwa kwa mfuatano: chanya ya hii imefungwa kwenye hasi ya ile, ndiyo tunapata 24. Weka waya mwekundu kwenye chanya ya mwisho, mweusi kwenye hasi ya mwisho. Tunasoma 24.3. Betri zilizojaa, zikishapumzika masaa kadhaa, zinatoa 25.2 na zaidi kidogo. Ukiona 24.4 ujue ziko karibu nusu. Chini ya hapo usiendelee na vipimo vingine, zichaji kwanza, maana betri tupu itakufanya umshitaki asiye na kosa. Na kama unafanya hii kazi mwezi wa 6 au wa 7, na ile baridi yetu ya asubuhi, betri mgonjwa itajitangaza yenyewe.

Sasa pima moja moja. Mafundi wengi wanaruka hapa. Hii ya kushoto: 12.5. Hii ya kulia: 11.8. Mbona ndugu wawili wanaokula sahani moja, mmoja ananenepa na mwingine anakonda? Angalia huu waya mwembamba, umefungwa pale katikati, betri zinapokutana. Ufuate. Unapanda, unapita chini ya kiti, unaingia kwenye redio! Redio ni ya volti 12, kwa hiyo mtu kachukua umeme wa betri moja tu. Hiyo moja inanyonywa kila siku, nyingine haiguswi. Alteneta haijui habari ya redio, yenyewe inaona jumla tu. Inasukuma volti 28 kwa zote mbili, lakini betri iliyojaa inaweza kupata 15 na maji yake yakachemka, wakati yenye njaa inapata 13 na haishibi. Ukipima jumla utasema kila kitu kiko sawa, na baada ya miezi michache umezika betri zote mbili.

Waya wa redio tumeutoa. Betri tumezichaji usiku kucha, kila moja peke yake. Sasa ni asubuhi ya pili, na zinasoma 25.4. Tuendelee.

Mkanda wa alteneta: haujapasuka, haung'ai kama kioo, ukiusukuma kwa kidole gumba unashuka kama sentimita 1. Vizuri.

Weka kontakti, yaani zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ndogo yenye picha ya betri lazima iwake, na injini ikishaunguruma izimike. Ikikataa kuwaka kwenye kontakti, usishangilie. Katika mashine nyingi, ule umeme kidogo unaopita kwenye taa ndio unaoiamsha alteneta, kupitia nguzo yake ndogo iliyoandikwa D+ au L. Taa ikiungua au waya wake ukikatika, alteneta nzima kabisa inabaki imelala. Mashine mpya zenye kioo cha kompyuta hazifanyi zote hivyo, kwa hiyo tazama mchoro wa umeme wa mashine yako. Yetu imewaka.

Kabla ya kuwasha, nisikilizeni. Injini inapozunguka usifungue kichwa cha betri "kuona kama alteneta inabeba". Huo mchezo ni wa enzi za dinamo. Na usigusishe waya mnene wa B+, ule unaotoa umeme wa alteneta, kwenye chuma ili uone cheche. Nimeona fundi, tena mzee wa kazi, akifanya hivyo huku anatabasamu. Cheche ilikuja kweli, na dayodi, zile zinazogeuza umeme wa AC ndani ya alteneta kuwa DC ya betri, zikaenda nayo. Mikono ya shati ikunjwe, feni haina huruma.

Washa. Panda mpaka mwendo wa kati, washa taa zote za kazi na feni ya kabini. Kwenye betri tunatakiwa kusoma kati ya 27.5 na 28.5. Tunasoma 25.1. Dereva ananitazama kama anayesema, si nilikuambia?

Ngoja. Mweusi unabaki kwenye hasi ya betri, mwekundu naupeleka nyuma ya alteneta yenyewe, kwenye bolti kubwa ya B+. Soma hapo: 28.3. Alteneta inafanya kazi yake vizuri. Volti kama 3 zinaondoka kule lakini hazifiki huku. Zinaishia njiani.

Tutazikamata hivi. Tunapima waya wenyewe, ncha moja ya multimita mwanzo wa safari, nyingine mwisho wake. Kwanza upande wa masi, njia ya hasi inayopita kwenye chuma cha mashine: bodi ya alteneta mpaka hasi ya betri. 0.1. Ikizidi 0.2 fungua masi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Mashine iliyochomelewa au kupakwa rangi karibuni, anzia hapo bila kuuliza.

Sasa upande wa chanya: B+ mpaka chanya ya betri. 3.1! Isingepita nusu volti. Mwekundu unabaki B+, mweusi unarudi nyuma kituo kwa kituo. Chanya ya betri: 3.1. Rilei ya betri, ile swichi ya umeme, bolti ya upande wa betri: 3.0. Bolti ya upande wa pili: 3.0, kwa hiyo rilei haina dhambi. Bolti ya stata, mota inayowasha injini, pale waya wa alteneta unapofungwa: bado 3.0. Sasa naigusa kose yenyewe, kile kichwa cha shaba mwishoni mwa waya: 2.9. Napenyeza ncha ndani ya waya, kidole kimoja nyuma ya kose: 0.1. Tumemkamata!

Zima injini, toa hasi ya betri, kisha sogeza kamera hapa. Plastiki imekuwa nyeusi na laini, na shaba ina unga wa kijani. Sisi watoto wa Katanga hii rangi tumezaliwa nayo, inafanana na malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, lakini kwenye waya haina thamani. Mtu alibana kose kwa nyundo. Maji ya mvua yakaingia, joto likamalizia.

Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, weka kose mpya ya unene wa waya huo, ibane kwa koleo yake, funika kwa mpira unaokazwa na moto. Rudisha hasi mwisho.

Washa tena, taa zote. Betri: 27.9. Geuza multimita kwenye AC: 0.1. Ingekuwa juu ya 0.5, hapo dayodi zingekuwa na kesi. Na kama pale kwenye B+ tungesoma 25 badala ya 28.3, huku mkanda na taa viko sawa, hapo ndipo ningemwambia patroni afungue mfuko. Ikipita 29, regileta, kidhibiti cha volti, imeachia, zima haraka kabla hujaunguza balbu na kukausha betri.

Dereva ameshaanza kuchimba. Anauliza habari ya redio yake. Ataleta konverta ya 24 kwenda 12 siku ya Jumamosi, nitamfungia. Mpaka siku hiyo ataimba mwenyewe.