Kumbi za dansi Dar es Salaam: tuzipime kwa masikio

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mnaonifahamu mnajua nitaanzia wapi: kwenye meza ya fundi mitambo, yule anayepanga sauti za vyombo na waimbaji.

Ukiingia ukumbi wowote wa muziki wa laivu hapa Dar, kabla hujaagiza kinywaji, tazama fundi mitambo amekaa wapi. Baa nyingi zinambana ubavuni mwa jukwaa, nyuma ya spika. Pale anasikia dramu na monita, zile spika ndogo zinazowaelekea waimbaji. Kinachokufikia wewe uliyekaa katikati, hakisikii. Sauti ya gitaa la solo anaiona ndogo, anaipandisha, wewe inakutoboa masikio. Mwimbaji anafungua mdomo, maneno hayafiki. Halafu watu wanasema bendi imechoka! Bendi haijachoka. Ukumbi unaomkalisha fundi katikati ya watu, hata kama viti ni vya plastiki, kwangu unaushinda wenye viyoyozi na taa za rangi.

Nalishikilia hili kwa sababu wimbo wetu wa dansi una sehemu mbili. Kwanza waimbaji wanasimulia taratibu; watu wameketi, wanafuata kisa. Kisha magitaa yanachanganya, tarumbeta zinajibu, watu wanainuka. Kwa hiyo ukumbi mzuri una viti vya kusikilizia na sakafu tupu mbele ya bendi. Siku hizi sakafu hiyo inajazwa meza za wateja wakubwa. Mtu acheze wapi? Juu ya meza?

Atatokea wa kusema dansi imekwisha, vijana wanataka Bongo Fleva. Sawa. Kijana wa Bongo Fleva akipanda na bendi kamili, mahitaji yake ni hayo hayo. Anayeimba juu ya CD ndiye asiyehitaji ukumbi. Anahitaji spika tu.

Tulinganishe basi. Viwanja vya wazi kama Leaders Club, Kinondoni, vina nafasi na hewa, lakini hakuna ukuta wa kuishika sauti, hivyo mitambo lazima iwe mikubwa. Ukumbi mkubwa wa kufungwa, kama Diamond Jubilee pale Upanga, unabeba umati. Humo kila kitu kinategemea spika zimepangwaje, maana dari na kuta nazo zinajibu. Mimi napenda ukumbi wa kati, wenye paa na pande zilizo wazi, ambao bendi ile ile inapiga kila wiki.

Kila wiki, hapo ndipo penyewe. Mlimani Park Orchestra, Sikinde wenyewe, walipoanza mwaka 1978 walichukua jina la baa waliyokuwa wakipiga. Bendi ya Maquis tuliifuata ukumbi wa White House, Ubungo, na baadaye Lang'ata, Kinondoni. Bendi ilikuwa na kwao. Fundi alijua kona ambayo besi inavuma kupita kiasi, na wapulizaji walijua wasimame wapi. Bendi ya kuhamahama inajifunza ukumbi upya kila usiku.

Kelele na majirani nilitaka nilizungumze kwa urefu, maana kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015 zipo na zinafunga baa, lakini mwenyekiti anaangalia saa. Kwa kifupi: sauti iliyopangwa vizuri haihitaji kupandishwa.

Malipo nayo kwa haraka. Kiingilio cha mlangoni kiwe cha bendi, kaunta iwe ya mwenye baa, na waandikiane kabla ya onyesho. Mwenye swali, karibu.