Kwinini na Ugali Mbichi: Maradhi katika Vita vya 1914 hadi 1918 Kusini

Wazee wetu, walimu na ndugu zangu wa Mtwara,

Mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, kati ya Wajerumani na Waingereza, yanajulikana, maana ni hapo tu njiani tuendapo Masasi. Lililo gumu kueleweka ni kwamba wiki chache baadaye, huko Nambindinga, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliwaacha nyuma mamia ya watu wake, Wajerumani na askari Waafrika, wachukuliwe mateka. Risasi zilikuwa zimepungua, naam, lakini hata kwinini, dawa ya malaria, iliyobaki ingewatosha Wazungu wake mwezi mmoja tu. Dawa, basi, ilisaidia kuamua ukubwa wa jeshi lililovuka Ruvuma na kupigana Ngomano, upande wa Msumbiji, tarehe 25 Novemba.

Wajerumani walikuwa wakitengeneza kwinini kwa magome ya mti wa sinkona katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Waingereza walipoitwaa Usambara mwaka 1916, chanzo hicho kikakatika, Wajerumani wakabaki kuchemsha magome na kunywa maji yake machungu. Upande wa pili nao uliumia: maelfu ya wanajeshi wa Afrika Kusini walirudishwa kwao wakiwa wamemalizwa na malaria na kuhara.

Lakini kwinini ilimfikia kwanza Mzungu, kisha askari. Mpagazi alikuwa wa mwisho, na kwa maoni yangu hapo ndipo mpango mzima wa kuzuia maradhi ulipovunjika. Yeye aliuawa zaidi na kuhara damu na homa ya mapafu. Alifika kambini usiku, amelowa, kuni mbichi, akapewa unga wa mahindi ambao wengi, waliozoea ndizi au mtama, hawakujua kuupika. Akausonga upesi, akaula nusu mbichi, na tumbo likaharibika kabla hata ya vijidudu kuingia. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa walizidi 90,000, wengi wao kwa maradhi.

Tiba ya jambo hili haikuhitaji maabara ya Amani: ilitaka chungu kikubwa, kuni kavu, na mpishi aliyebaki kambini siku nzima wakati wenzake wanabeba mizigo. Madaktari wa jeshi walilijua hilo, lakini mizigo ya risasi ilipewa nafasi mbele ya vyungu.