Kutoboa Kitako cha Droo: Msemo Mmoja wa Kikantoni

Haya tusogee. Nishalisema hili mpaka watu wananikimbia, ukikariri msemo bila kujua unamsema nani hujajifunza kitu. Leo nawapa mmoja tu wa Kikantoni, lugha ya Hong Kong na Guangzhou, chyun gwai tung dai. Sikilizeni toni, yaani sauti inavyopanda na kushuka: chyun iko juu na inabaki huko huko, gwai iko chini, tung na dai zote mbili zinapanda, we ukizisoma zote sawa kama unasoma risiti mzee wa Hong Kong atakuangalia tu. Maana yake kutoboa kitako cha droo. Na droo yenyewe si ya nguo jamani, ni ile ya kaunta, ya mauzo. Hebu vuta picha, kwa mbele droo imefungwa vizuri kabisa, kumbe chini kuna tundu na aliyelitoboa ndo yule yule kijana bosi kamwachia duka!

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kusema si tunayo kikulacho ki nguoni mwako. Tunayo ndio, ila hiyo inakwambia adui yuko karibu, basi, haisemi alikabidhiwa nini. Kibaka akikuchomolea simu Mong Kok, mtaa wa Hong Kong, ukasema katoboa droo watakucheka, kwani nani alimwachia hiyo simu? Ila mhasibu akihamishia hela za kampuni kwenye akaunti yake, huyo katoboa, hata kama ofisi nzima haina droo.

Na Godber je? Kila nikitaja Hong Kong lazima atokee mtu wa Godber. Peter Godber, afisa mkubwa wa polisi, mali ya zaidi ya dola za Hong Kong milioni 4 asizoweza kuzieleza, Juni 1973 katorokea Uingereza, watu wakaandamana, 1974 ikaundwa ICAC, tume ya kupambana na rushwa, 1975 karudishwa kafungwa miaka 4. Kasaliti dhamana, hakuna ubishi. Ila droo hakutoboa! Ile ilikuwa rushwa, hela za kupewa, si za droo aliyoachiwa na bosi, na kwa Kikantoni wanasema sau hak chin, kupokea hela nyeusi.

Kulikuwa na msemo mwingine wa bakuli, wa mtu anayemgeuka aliyemlisha, ila naona mwenyekiti anatazama saa, basi tuuache. Nyie mnaofuata mzigo Guangzhou, msiende kuujaribu huu wa droo kwa mwenye duka huku kijana wake wa kaunta kasimama pale pale. Maswali?