Kigango Hakina Miguu

Asanteni, asanteni. Walio nyuma sogeeni mbele, viti hivi having'ati.

Habari za Shungwaya, kule masimulizi yanakosema tulitoka, leo sizigusi. Mmelishwa hizo tangu shule ya msingi. Kwamba Wamijikenda wa pwani ya Kenya ni makabila tisa, kwamba kaya, vile vijiji vya wazee wetu, zilijengwa juu ya vilima katikati ya misitu, na njia za kuingilia zikawa nyembamba ili adui apite mmoja mmoja, haya ninyi ndio wenyewe. Mimi nina neno moja, lilelile la siku zote, na aliyelichoka aniambie lilitatuliwa lini.

Kaya hailindwi na seng'enge. Inalindwa na waliozikwa. Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992. Mwaka 2008 UNESCO ikaitia misitu yake katika urithi wa dunia, na 2009 ikaziandika mila zake kwenye orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa haraka. Sikilizeni hapo vizuri. Miti imepewa cheo, mila zimepewa kitanda hospitalini. Na ni kitu kimoja! Msitu umesimama kwa sababu mjukuu anaogopa kumkata babu yake.

Sasa nije kwenye kigango, ule ubao wa kuchongwa wa kumkumbuka mzee aliyekufa, na wanaojua nitakavyokaa hapo wanivumilie.

Kwanza tuondoe kosa. Wageni hudhani vigango vimejaa kayani kama miti. La. Vingi vimesimama kwenye miji ya watu, nje ya msitu, kwenye boma la ukoo. Na si kila maiti hupata. Kigango ni cha mzee wa Gohu, chama cha wazee, yaani aliyelipa kiingilio cha chama hicho kwa karamu na tembo la mnazi. Asiyekuwa wa Gohu huwekewa koma, kigingi kifupi tu.

Pili, hakisimamishwi siku ya mazishi. Kaburi ni kaburi. Kigango huja baadaye, pengine miaka mingi baadaye, pale marehemu anapomjia mtu wake ndotoni, au maradhi yanapoandama nyumba moja na mganga akasema mzee analalamika. Ndipo fundi anaitwa. Hutafuta mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, akachonga ubao mmoja bila kiungo: kichwa cha duara, shingo nyembamba, kiwiliwili kirefu. Mikono hamna, miguu hamna. Usoni na kifuani hutoboa pembetatu kwa patasi, safu kwa safu, kisha rangi: nyekundu, nyeupe, nyeusi. Vingine havifiki kifua cha mtu, vingine vinapita mita mbili, na kumbukeni sehemu ya chini imo ardhini. Kikishasimama, hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi, kuku huchinjwa. Kuanzia hapo haking'olewi. Shamba likichoka na watu wakahama, wao huhama. Mzee hubaki.

Na hapo ndipo mwizi alipopata maneno. "Vilitelekezwa porini, tumeviokoa." Nimelisikia hili kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na la Kiswahili linaniuma zaidi. Wewe umehamia Mombasa, kaburi la bibi yako liko Ganze, hujalifyekea tangu Krismasi ile. Limetelekezwa? Nije na koleo?

Kuna mwingine, msomi, ananyoosha mkono: lakini vingeoza, kule Marekani vimetunzwa kwenye baridi. Bwana, vioze! Mti uliwekwa uende na mvua na jua mpaka urudi udongoni. Kigango kisichooza ni mzee asiyeruhusiwa kupumzika. Kukiweka kwenye kabati la kioo na kukiita sanaa, hata kama taa ni nzuri, ni kumsimamisha mtu usiku kucha.

Sasa la vitendo, na andikeni. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama, moja ya makabila yale tisa, kando ya vigango viwili. Muda si muda vikaibwa vyote viwili. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa Afrika huko Marekani, picha ile ikaonyeshwa, na mtaalamu mwenzake, Linda Giles, akakitambua kimojawapo: kilikuwa kwenye mkusanyiko wa makumbusho Illinois. Cha pili kikaonekana Hampton, Virginia. Kilichovinasa ni picha. Patasi ya fundi haipigi mara mbili sawasawa, kwa hiyo safu za pembetatu ni kama alama ya kidole.

Halafu angalieni upande wa pili. Makumbusho ya Denver yaliamua kurudisha vigango 30. Uamuzi ulikuwa wa 2014, mzigo ukafika Kenya 2019. Miaka mitano kwa mbao thelathini! Na vilipofika, swali likawa: vya nani? Picha hakuna, kijiji hakijulikani. Vimerudi nchini, havijarudi nyumbani.

Kwa hiyo kila mji wenye kigango upige picha nne: mbele, nyuma, na mbavu zote mbili. Asubuhi au jioni, jua likiwa limelala, maana saa sita mchana mashimo ya patasi hayaonekani. Wekeni rula au futi ya fundi kando yake. Pimeni kuanzia ardhini hadi utosini. Hesabuni safu za pembetatu. Andikeni ufa wowote, pengo lolote, kwa sababu mwizi anaweza kupaka rangi upya lakini ufa hawezi kuuhamisha. Nakala moja ikae kwa mwenye mji, ya pili kwa wazee wa kaya, ya tatu ofisi ya makumbusho. Na vijana, tafadhali, mkimaliza msiirushe mtandaoni na ramani ya mahali. Huo utakuwa mnada.

Ombeni ruhusa kwanza. Ukipiga picha bila mwenye mji kusema na mzee wake, umeanza vibaya.

Nimekwenda mbali. Misitu yenyewe basi, haraka haraka. Mwingereza alilijua hili kuliko wizara zetu. Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama, alipowaapisha watu 1913 wampinge mkoloni, serikali ya kikoloni haikuishia kwenye mashamba. Ilikwenda Kaya Fungo, kaya ya Wagiriama, na baruti, Agosti 1914. Watu wakarudi vilevile. Fingo, hirizi ya ukoo iliyozikwa ndani, ikiibwa, msikimbilie kutangaza redioni, waiteni wazee kwanza. Faini ya kukata mti ilipwe kwa mnyama kama zamani, mbuzi au kuku, na iliwe papo hapo mbele ya watu. Noti hupotea mfukoni na hakuna anayeona aibu. Kaya Kinondo, kule Kwale, wanapokea wageni tangu 2001 kwenye hekta 30 tu, na kila mgeni hufungwa kaniki, kitambaa cheusi, kabla ya kuingia. Mnaweza kuiga, ila msiige nusu.

La boriti za kujengea nitaliruka. La mashimo ya madini kule Jaribuni, karibu na Kaya Kauma, linahitaji siku yake na wakili.

Lakini hili siliruki hata mwenyekiti akinionyesha saa, nakuona. Wazee wanauawa Kilifi kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ukichimba unakuta shamba. Mzee wa kaya ndiye anayejua kigango kipi ni cha nani na njia ipi haipitwi. Tunaulizana msitu una miti mingapi, na mwenye msitu analala kwa jirani kwa kuogopa mvi zake.

Haya, haya, nimeketi. Miche tutaizungumza siku nyingine. Karatasi za kujaza vipimo ziko mezani pale mlangoni. Chukueni mbilimbili, moja mtaipoteza.