Maboga yamejaa nyumba, tuyafanyeje?

ZAITUN: Karibuni tena wasikilizaji, mimi dada yenu Zaitun niko na mdogo wangu Hamza, na leo ni maboga tu, maana huku upande wa Luwero, Uganda, watu wamevuna mpaka yamepangwa chini ya vitanda.

HAMZA: Dada yangu ndiye mkulima, mimi niko Kampala na kazi yangu ni jikoni. Sasa dada, mtu amevuna mengi kwa mpigo mmoja, anaogopa yataoza yote, anaanza kugawa ovyo ovyo. Aanzie wapi?

ZAITUN: Kwanza atulie. Boga zima lililokomaa halina haraka, linakaa miezi. Lenye haraka ni lile ulilolitia kisu, hilo hata kwenye friji ni siku 3 mpaka 5 basi. Kwa hiyo rundo liache likae, wewe fikiria lile moja unalotaka kukata leo, litaishia wapi lote.

HAMZA: Ehe, hapo umenena. Lakini likae miezi kwa masharti si ndiyo?

ZAITUN: Masharti yapo, tena yanaanzia shambani. Bonyeza ganda kwa ukucha, ukucha ukiingia bado halijakomaa, hilo pika upesi. Kata kwa kisu, uache kikonyo kirefu kama kidole, na usilibebe kwa kikonyo hata kama ni dogo, kikivunjika pale ndipo uozo unaingilia. Halafu yaweke mahali pakavu penye joto na upepo kama siku 10 hivi ganda ligangamale. Nchi za baridi kama Marekani watu inabidi watafute chumba cha joto la digrii 27 hivi kwa kazi hiyo, sisi joto hilo Mungu ametupa bure.

HAMZA: Na baada ya hapo?

ZAITUN: Hapo sasa wao wanatushinda, kwa sababu boga likishakauka linapenda baridi kidogo, digrii 10 mpaka 15, na huku nyumba za mabati mchana zinawaka. Tafuta chumba chenye kivuli, panga juu ya mbao au nyasi kavu, yasigusane, yasilale kwenye saruji yenye unyevu, na usiyafunge kwenye kaveera, ile mifuko ya plastiki. Kila wiki geuza uangalie. Lenye jeraha, lenye doa laini, hilo linatangulia jikoni.

HAMZA: Basi nipe mimi hilo lenye jeraha. Likifika jikoni kwangu nalikata asubuhi siku ambayo nipo nyumbani, na sichemshi kwenye maji, navukisha. Watu wa Buganda hili wanalijua zamani, vipande vya boga unaviweka pamoja na matoke ndani ya majani ya ndizi vinaiva kwa mvuke, utamu wote unabaki. Ukichemsha unapata maji ya njano na boga la kusikitisha.

ZAITUN: Banange, kweli kabisa.

HAMZA: Robo tunakula hivyo hivyo na mchuzi wa karanga. Robo nyingine futari, ile ya watu wa pwani, tui la nazi, hiliki, sukari kidogo sana kwa sababu boga lenyewe limeshakuwa tamu, unapika moto mdogo mpaka tui linashika. Na hapa niwaambie kina mama wenye watoto, ile rangi ya njano mwili unaigeuza kuwa vitamini A lakini inahitaji mafuta kidogo, kwa hiyo nazi au karanga zina kazi yake hapo. Mtoto wa miezi 6 kwenda juu, boga lililopondwa laini na kijiko cha siagi ya karanga, mwache ale.

ZAITUN: Bado nusu iko mezani.

HAMZA: Nusu hiyo naiponda yote. Kikombe kimoja kinaingia kwenye vikombe 2 vya unga wa ngano na zaidi kidogo, tunapata chapati laini ambazo mpaka kesho hazijakauka, ila maji usimimine kama ulivyozoea, tia kijiko kimoja kimoja, maana boga limekuja na maji yake. Mandazi pia. Rojo linalobaki, mwenye friza agandishe kwa mafungu ya kikombe kimoja kimoja.

ZAITUN: Na asiye na friza akaushe. Kata vipande vyembamba sana, vitandaze kwenye ungo kivulini penye upepo, funika na kitambaa chepesi nzi wasitue, jua kali linaua ile rangi na vitamini zake. Vikikauka mpaka vinakatika vyenyewe, twanga, ule unga unachanganya na wa mahindi kwenye uji. Ila tafadhali sana, lile rojo msilifunge kwenye chupa mkalihifadhi kabatini kama jemu. Boga halina asidi, na likipondwa ni zito, joto halifiki katikati vizuri, kuna bakteria wa sumu mbaya wanaota humo bila hewa na hutaona wala kunusa kitu.

HAMZA: Mbegu je? Maana naona watu wanamwaga, inaniuma.

ZAITUN: Usimwage! Osha, anika, kaanga kikavu mpaka zianze kuruka, tafuna, au twanga uchanganye na karanga kwenye mboga za majani. Wazee walisema ukipenda boga penda na ua lake, na mimi naongeza majani machanga ya ncha, yale yenye nyuzi unamenya kwanza ndipo unapika.

HAMZA: Na za kupanda mvua za Machi?

ZAITUN: Weka za boga bora, lakini ujue nyuki hawana mpaka. Kama jirani alipanda aina nyingine inayozaana na ya kwako, mbegu yako itatoa kitu kingine mwakani.

HAMZA: Hiyo inanikumbusha kuna msikilizaji ameuliza, boga lake limetoka chungu, apike na sukari?

ZAITUN: Hapana, hapana. Uchungu ule ni sumu, moto hauitoi na sukari inauficha tu. Kabla ya kupika onja kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi, kikiwa kichungu tema, boga lote tupa, na mifugo usiwape, wala mbegu zake usiweke.